Mla Shaba wa Jalalani

Zamani, kabla reli haijafika Katanga, katika nchi yetu hii waliishi watu walioitwa wala shaba. Msicheke. Hakuna aliyetafuna shaba. Walikuwa wafua shaba, Wayeke na Wasanga na wengineo. Mavuno yakishaingia ghalani na kiangazi kikikaza, waliacha mashamba wakaenda vilimani kuokota mawe ya kijani. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakalijaza makala na mawe, wakavuta mivukuto mpaka shaba ikatiririka kama uji mwekundu. Waliimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba, na misalaba hiyo ndiyo iliyokuwa fedha yao, ya kununulia na ya kutolea mahari. Hata Katanga ilipojitangazia uhuru wake mwaka 1960, bendera yake ilichorwa misalaba mitatu ya shaba. Mmisionari Mbelgiji, Jean-Félix de Hemptinne, aliandika habari zao mwaka 1926 na kuwaita kwa jina hilohilo. Maana yake ni kama tunavyosema leo: fulani anakula kwa cherehani, fulani anakula kwa pikipiki. Wao walikula kwa shaba.

Mla shaba ninayetaka kuwasimulia mimi anakula kweli. Hana tanuru wala mvukuto. Leo asubuhi mlipokuwa mkienda shule mmempita, amelala nyuma ya soko, mweusi, amezungukwa na nzi. Ni ganda la ndizi.

Naona mmoja wenu ananitazama kama mnavyomtazama nkambo, yaani babu au bibi, aliyezeeka akaanza kusema ovyo. Ngoja. Tuanze na maji.

Sisi wa Kolwezi tunajua jiwe la shaba linavyofanywa. Linasagwa, halafu linalowekwa katika asidi ya sulfuri, ileile inayobebwa na malori yenye matangi tunayoyaona barabarani. Shaba inatoka kwenye jiwe na kuyeyuka katika asidi kama sukari ndani ya chai. Kisha umeme huivuta ikagande, yakapatikana yale mabamba mekundu yanayopita kwenye malori kuelekea mpakani Kasumbalesa. Yanayobaki ni matope na maji makali yenye masalia ya shaba, kobalti na wenzao. Maji hayo yanatakiwa yakae kwenye mabwawa, yatibiwe, yasitoke hivihivi. Lakini bwawa huvuja. Mvua ya Januari hulifurisha. Na pengine mchimbaji wa mkono, ambaye hana bwawa wala asidi, huosha mawe yake mtoni tu. Yote hayo huishia Musonoi au Luilu, na Lualaba huyapokea, na Lualaba ndio mto unaobadili jina huko Kisangani ukaitwa Kongo na kwenda mpaka Bahari ya Atlantiki.

Ubaya wa shaba ni kwamba ikishayeyuka haionekani. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 2 za shaba kwa lita. Maji yenye mara tano ya kiasi hicho yanaweza kuwa meupe kama machozi. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake, pamoja na watafiti wa Leuven huko Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa watu wa kusini mwa Katanga. Waliokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini walikuwa na metali nyingi mwilini kuliko waliokaa mbali, hasa kobalti, na watoto ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi. Watoto hushika udongo, halafu hushika mkate. Mnajijua.

Basi tutaionaje shaba isiyoonekana? Tutamwita shahidi, na shahidi wetu ni msumari.

Jaribio hili lifanyeni na mwalimu wenu, mkiwa na glavu, si jikoni kwa mama. Mwalimu awape mrututu, lile jiwe la buluu, ambalo ni shaba iliyooana na asidi ya sulfuri. Chukueni kipande kama punje ya hindi, mkiyeyushe katika glasi ya maji. Maji yatakuwa na ubuluu kidogo, kama anga ya saa kumi na mbili asubuhi. Sugueni msumari wa chuma kwa msasa mpaka ung'ae, muutumbukize, muhesabu dakika kadhaa. Utoeni. Umevaa koti jekundu! Lile si kutu. Ni shaba yenyewe. Chuma kimeyeyuka kidogo, na shaba imekaa mahali pake. Kama mtu alikuwa hajaamini kwamba ndani ya maji kuna metali, sasa ameiona kwa macho yake.

Sasa mleteni mla shaba. Maganda ya ndizi yaoshwe vizuri, yakatwekatwe, yaanikwe juani siku kadhaa mpaka yavunjike kama majani makavu ya tumbaku, halafu yatwangwe kwenye kinu na kuchekechwa. Mtapata unga wa kahawia wenye harufu tamu iliyochakaa kidogo. Tengenezeni glasi nyingine ya maji ya mrututu, mwagieni vijiko vitatu vya chakula vilivyojaa unga huo, mkoroge, mwache saa moja au mbili mkikoroga kila mkikumbuka. Chujeni kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Maji yatatoka na rangi ya chai hafifu, kwa sababu ganda nalo huachia rangi yake, hilo lisiwashtue. Ubuluu ndio umepotea. Tumbukizeni msumari wa pili uliosuguliwa vilevile. Utatoka karibu mtupu, au na wekundu wa kubahatisha tu.

Shaba imeingia kwenye ganda. Lakini ganda halina mdomo, limeishikaje?

Shaba iliyoyeyuka hugawanyika katika chembe ndogo mno, ambazo mwalimu anaziita ioni, na kila ioni ya shaba imebeba chaji chanya. Ganda la ndizi nalo limejengwa kwa selulosi na pektini. Pektini ndiyo ile inayofanya jemu igande. Katika pektini kuna vikono vingi vyenye chaji hasi, na mnajua chanya na hasi huvutana. Vikono hivyo havikukaa vitupu vikingoja shaba. Vilikuwa vimeshika kalsiamu, potasiamu na haidrojeni. Shaba ikipita, ganda linaachia kalsiamu na kushika shaba, kwa sababu shaba inashikika vizuri zaidi. Ni biashara ya mali kwa mali, kama mama sokoni anayekupa kopo la karanga ukimpa kopo la mahindi.

Mambo haya yamepimwa. Mwaka 2011 Gustavo Castro na wenzake huko Brazili walichapisha kazi yao ya kunasa shaba na risasi katika maji ya Mto Paraná kwa unga wa ganda la ndizi, nao waliona unga uleule unaweza kutumika tena mpaka mara 11. Mwaka 2016 watafiti wa Genoa, Italia, walichanganya machicha ya kahawa na silikoni wakapata kitu kama sponji kinachonasa risasi na zebaki. Wengine wamejaribu maganda ya machungwa, ya muhogo, ya karanga, pumba za mpunga na masalia ya miwa. Karibu kila kilichotoka kwenye mmea kina vikono hivyo, kingi au kichache. Kwa hiyo msilifanye ganda la ndizi kuwa mfalme. Hapa Kolwezi ningeanza na maganda ya karanga na magunzi ya mahindi, kwa sababu yapo tele na hakuna anayeyagombania. Machicha ya bia kutoka viwandani Lubumbashi, ambayo watu wengi huyataja kwanza, mfugaji wa nguruwe alishayawahi, na mimi sioni sababu ya kumnyang'anya nguruwe chakula ili tukakitie shaba.

Ila kuna adui anayeweza kumshinda mla shaba wetu, naye ni asidi. Maji makali yamejaa haidrojeni yenye chaji chanya. Hebu fikirini basi dogo la kwenda Dilala. Mama mwenye kikapu anakuja kwa utaratibu, anafika, anakuta watoto hamsini wa shule wameshajazana vitini na wengine wananing'inia mlangoni. Basi halijaharibika, limejaa tu. Ndivyo ilivyo ganda katika maji makali: vikono vyote vimekaliwa na haidrojeni, shaba inapita nje ikipunga mkono. Na maji yanayotoka kwenye migodi yetu mara nyingi ndiyo hayohayo makali.

Basi watoto wa shule wateremshwe kwanza. Kwa kitu gani? Kwa ganda la yai. Yale mayai ya kuchemsha mnayonunua barabarani kwa chumvi na pilipili, ganda lake karibu lote ni kalsiamu kabonati, ndugu wa chokaa. Litieni kwenye maji ya limau mkaone linavyotoa mapovu. Kila povu ni asidi inayokufa. Ganda la yai lililosagwa hutuliza maji makali, na maji yakitulia sehemu ya shaba huacha kuyeyuka ikazama chini kama matope ya kijani. Hapo ndipo unga wa ganda la ndizi au la karanga huja kumalizia yaliyobaki.

Majirani zetu wa Zambia walilijua hili kwa uchungu. Tarehe 18 Februari 2025 ukuta wa bwawa la matope ya mgodi ulibomoka huko Chambishi, maji ya asidi yakaingia kijitoni na kufika Mto Kafue. Samaki walielea juu wamekufa, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji ya bomba. Serikali ilipeleka ndege za jeshi la anga na maboti kumwaga chokaa mtoni. Ndege za jeshi zikimwaga chokaa, wajukuu zangu! Hiyo ni kazi ileile ya ganda la yai, isipokuwa glasi yake ni mto mzima.

Na kobalti je? Ninyi ni watoto wa mji wa kobalti, nchi yetu inachimba zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, siwezi kuwaficha. Jina lake lenyewe lina kisa. Wachimbaji wa Ujerumani wa kale walikuta mawe yanayofanana na ya fedha, wakayatia motoni wakitarajia utajiri, wakapata moshi wenye sumu na fedha wasiione. Wakasema Kobold, jini la mgodini, ameiiba fedha na kuwaachia uchafu. Ni miaka ya 1730 tu ndipo Georg Brandt wa Sweden alipoonyesha kwamba ndani ya jiwe lile kuna metali yake yenyewe, wala si hila za jini. Lakini ujini wake haujaisha. Ganda linashika risasi na shaba kwa urahisi, na kobalti kwa shida. Zikiwa pamoja majini, shaba huwahi viti na kobalti huachwa kituoni. Chokaa nayo huizamisha shaba mapema, ila kobalti hungoja mpaka maji yageuke kuwa ya alkali kama maji ya sabuni. Mtu akija kuwauzia chujio la maganda akasema linaondoa kila kitu, mwulizeni habari za kobalti.

Pengine mnadhani haya yote ni ya maabara na ya nchi za mbali. Basi twendeni Kenya, Nakuru, katika Bonde la Ufa. Huko sumu ya maji haikuletwa na mgodi. Ni floridi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Kidogo hulinda meno, ikizidi miligramu 1.5 kwa lita meno ya mtoto huota na madoa ya kahawia, na ikizidi sana mifupa hupinda. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilianza kukusanya mifupa ya ng'ombe, ambayo bila hivyo ingekuwa taka za machinjioni. Mifupa huchomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo, kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 hivi, nyama na mafuta huungua, na kinachobaki ni chembe nyeusi nyepesi zenye matundu. Hizo hujazwa kwenye machujio. Karibu na Arusha, Tanzania, kituo cha utafiti cha Ngurdoto kinafanya kazi ya namna hiyohiyo.

Hapa ndipo ninapopenda kusimama kidogo. Jino na mfupa vimejengwa kwa madini ya aina moja. Floridi hupenda kuingia ndani ya madini hayo. Sasa maji yakipita kwanza kwenye mfupa wa ng'ombe, floridi inakuta pale nyumba inayoitafuta, inaingia, inatulia. Mfupa wa mnyama aliyekwisha kuliwa unapigwa na ugonjwa badala ya jino la mtoto. Na makaa ya mifupa hayo hushika pia shaba, zinki, hata yule jini kobalti. Machinjio yapo hapa Kolwezi, na mifupa ipo.

Sasa chukueni daftari, kwa sababu msimulizi asiyepiga hesabu huwadanganya wasikilizaji wake. Tuseme kuna kijito kidogo kinachopitisha lita 100 kwa sekunde, na kila lita ina miligramu 10 za shaba. Kwa siku moja hupita lita milioni 8.64, na ndani yake kilo 86.4 za shaba. Tuseme kilo moja ya unga mkavu wa maganda inashika gramu 20 za shaba. Gawanyeni. Mtahitaji kilo 4,320 za unga mkavu. Na ganda bichi la ndizi sehemu kubwa ni maji. Ukilikausha hubaki kama sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo ni tani 43 za maganda mabichi, malori manne ya tani 10 na zaidi, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kwa kijito kimoja.

Kolwezi nzima haili ndizi kiasi hicho. Ndiyo maana sitawaambia kwamba ganda litauponya Mto Musonoi. Kazi ya maji mengi makali ni ya chokaa, ya mabwawa yasiyovuja na ya mwenye mgodi aliyeyatoa maji hayo. Ganda na mfupa vinafaa mwishoni mwa foleni, pale maji yameshatibiwa yakabaki na metali kidogo ambayo chokaa haikuiweza, au kwenye kisima kimoja, karakana moja, maabara ya shule moja. Kuna pia njia nyingine inayokula taka za chakula bila kuzikausha: bakteria wanaoishi pasipo hewa, ukiwalisha molasi au masalia ya kiwanda cha chakula, hugeuza salfeti ya maji ya mgodi kuwa gesi yenye harufu ya yai viza, na gesi hiyo hushikana na shaba ikazama kama tope jeusi. Harufu yake ni mbaya, ila kazi yake ni safi, na bakteria hawachoki Jumapili.

Kuna msichana hajaridhika, namwona. Uliza. "Nkambo, ganda likishakula shaba, shaba inaenda wapi?"

Swali hilo ndilo wanaouza machujio hawapendi kulisikia. Haiendi popote. Metali haifi, haiozi, haiungui. Imehama tu kutoka majini kuingia kwenye unga. Ukiutupa unga huo jalalani, mvua itaiosha shaba taratibu irudi ilikotoka. Lakini ukiumwagia asidi kidogo, haidrojeni zinarudi kuvamia viti, shaba inateremka yote mahali pamoja, katika ndoo moja badala ya maelfu ya lita, na unga unaweza kutumika tena. Shaba ya kwenye ndoo hiyo ni shaba kama nyingine. Viwanda vya hapa vinajua vizuri namna ya kuivuta kwa umeme. Kama mtu atafanya kazi hii siku moja hapa mkoani Lualaba, atakuwa mla shaba kwa maana zote mbili.

Mkimaliza jaribio, maji yaliyochujwa msiyanywe hata yakionekana safi. Hakuna aliyeyapima, na ganda halizuii vijidudu. Unga ulioshiba shaba mpeni mwalimu auweke kwenye chupa yenye kifuniko na jina. Usitupwe kwenye bustani ya sombe, wala asipewe nguruwe.